Binti amechoka na kazi ya redio, tukaenda Lukole

Lukole ya leo haina kitu cha kumsimamisha mgeni. Ukishuka Benaco, pale malori yaendayo Rwanda na Burundi yanapojipanga kulala, ukakodi mchomoko, utapita migomba, mihogo, mikaratusi na watoto wa shule wanaotembea pembeni mwa barabara ya vumbi jekundu. Sikuona bango wala mnara wa kumbukumbu. Dereva wetu alituuliza mara mbili tunakwenda kwa nani. Tulipomwambia hatuna mwenyeji, tunataka tu kuona ilipokuwa kambi, alitutazama kwenye kioo chake, akasema: "Pale si mashamba tu, mama?"

Ni mashamba kweli. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi mwaka 2008, hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 walifikia takribani watu 100,000. Mji wenyewe wa Ngara ulikuwa kijiji mbele ya kambi hii. Kulikuwa na Lukole A na Lukole B, mitaa yenye viongozi wake, masoko, makanisa, shule, vinyozi. Upande wa Biharamulo kulikuwa na kambi ya Kitali. Mzazi mwenye umri wangu anayekumbuka habari za redio za miaka ile hawezi kusahau majina haya: Benaco, Lukole, Kitali, Rusumo.

Nilikwenda na binti wa kaka yangu. Ana miaka 24, ana diploma ya uandishi wa habari, na wakati ule alikuwa ametimiza mwaka mmoja na miezi minane katika redio moja ya mkoani huku Kanda ya Ziwa. Redio yenyewe sitaitaja.

Kaka yangu ndiye aliyenipigia simu, Jumapili usiku. "Dada, mtoto anataka kuacha kazi. Kazi yenyewe hata miaka miwili haijafika. Mimi nimemwambia avumilie, sasa hapokei simu zangu. Zungumza naye wewe, ninyi watu wa kalamu mnaelewana."

Nilipompata, binti aliniamkia vizuri, "Shikamoo shangazi," kisha akanieleza siku yake. Anaamka saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na moja kamili alfajiri anafungua matangazo. Anasoma vichwa vya habari vya magazeti, anasoma bei za mazao, anasoma salamu, anasoma matangazo ya vifo, kisha matangazo ya vitu vilivyopotea: vyeti, kadi za pikipiki, ng'ombe, mtoto aliyetoka nyumbani akiwa amevaa fulana ya bluu. Saa nne asubuhi anaanza kutafuta habari, nazo karibu zote ni mkuu wa wilaya amesema, mkurugenzi ameagiza, diwani amewataka wananchi. Jioni anahariri sauti za wenzake.

"Shangazi," akaniambia, "naweza kukusomea siku yangu ya kesho sasa hivi. Na ya keshokutwa. Na ya Machi mwakani."

Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika. Ilikuwa kwenye simu yake, haijatumwa.

Mimi nilikuwa na safari yangu ya Ngara niliyoipanga siku nyingi, nikamwambia achukue likizo ya siku nne tuende wote. Sikumpeleka Lukole ili aone shida za wengine, anyamaze. Watoto wetu tumewachosha na ile kauli ya "wenzako hata hicho hawana." Nilimchukua kwa sababu yeye ni mtu wa redio, na pembe hii ya nchi imewahi kuonja redio ya kila aina, iliyoua na iliyotunza. Sijui sehemu nyingine Tanzania unakoweza kuziona zote mbili kwa nauli ya mchomoko.

Njiani hatukuzungumza sana. Kutoka Mwanza siku hizi unavuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na wale tuliokuwa tukipanga foleni ya kivuko na mayai ya kuchemsha mkononi bado tunalitazama kama mazingaombwe. Halafu ni Sengerema, Geita, Biharamulo, Lusahunga, kisha msitu. Nikamweleza binti kwamba miaka ile mabasi yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki kupita hapa, kwa sababu ya majambazi waliokuwa wakiteka magari. Akavua kisikilizio kimoja, akauliza: "Na watangazaji walikuwa wanakuja huku?" Nikamwambia walikuwa wanaishi huku.

Watu 250,000 kwa siku moja

Kabla ya kwenda Lukole tulipita Rusumo. Mto Ruvubu unaungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko, na leo maji yale yanazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Malori yanapita darajani bila kelele nyingi.

Aprili 28, 1994, kwa daraja la hapa, watu walianza kumiminika kutoka Rwanda. Ndani ya takribani saa 24 walivuka wapatao 250,000. Walipelekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara, na kwa wiki chache porini pakawa na mji mkubwa. Warundi walikuwa wameanza kukimbia mapema zaidi, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi walibaki, na Lukole ikawa yao.

Sasa, binti yetu alijifunza chuoni habari za RTLM, redio ya Kigali iliyoanza Julai 1993. Alijua ilichochea mauaji. Alichokuwa hajakifikiria, na tulikaa kwenye ukuta wa kibanda cha chai pale Rusumo tukizungumza hilo, ni kwamba redio ile haikuwa ya kuchosha hata kidogo. Ilipiga muziki mzuri. Watangazaji wake walikuwa wacheshi, walichekesha, walipokea simu, walizungumza kama vijana wa kijiweni, wakati redio ya serikali ilikuwa ikisoma taarifa kwa sauti ya kikaratasi. Vijana waliipenda. Kisha ikasoma majina ya watu wa kuuawa na mahali walipojificha.

Mmoja wa watangazaji wake alikuwa Mbelgiji, Georges Ruggiu. Hakuwa na uzoefu wowote wa uandishi wa habari alipoanza kazi pale Januari 1994. Mwaka 2000 alikiri makosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pale Arusha, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Desemba 2003 mahakama hiyo hiyo ikawatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa redio hiyo.

Binti alikoroga chai yake muda mrefu. "Kwa hiyo unaniambia redio nzuri ni inayoboa?"

Sikumwambia hivyo, na wala siamini hivyo. Redio inayoboa inazimwa, na redio iliyozimwa haimsaidii mtu. Nilichomwambia ni kwamba msisimko si kipimo cha kazi. Alinijibu kwamba na uchovu pia si kipimo cha wema. Nikakubali. Msichana ana akili.

Halafu kuna majina ya aina nyingine. Mwaka huo huo wa 1994, BBC ilianzisha matangazo ya dakika 15 kwa Kinyarwanda na Kirundi, ambayo yakaja kuitwa Gahuzamiryango, maana yake chenye kuunganisha familia. Kazi ya mwanzo ya matangazo yale ilikuwa kuwasaidia watu waliotawanyika kutafutana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kusoma majina. Fikiria wewe ni mtangazaji kijana. Leo unasoma orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Kesho unasoma nyingine. Hakuna muziki, hakuna utani, hakuna nafasi ya kuonyesha sauti yako ilivyo nzuri. Ukikosea herufi moja ya jina la baba, mama aliyeko Lukole au Goma hatajua kwamba huyo ni mwanawe.

Mzazi aliyewahi kupotelewa na mtoto sokoni kwa nusu saa tu, akasikia kipaza sauti kinataja rangi ya nguo, anajua uzito wa kazi hii. Wala haihitaji maelezo.

Maisha ya kambini

Tulipofika Lukole jua lilikuwa limeshapanda. Dereva alizima gari, akaegemea mlango, akaanza kuchat. Sisi tukatembea.

Watu wengi wakifikiria kambi ya wakimbizi wanafikiria siku ya kukimbia: mizigo kichwani, watoto mgongoni. Hiyo ni siku moja. Kambi yenyewe ni miaka, na miaka ile imejaa siku zinazofanana. Serikali yetu ilikuwa imewawekea wakimbizi mpaka wa kilomita 4 kutoka kambini. Kwenda mbali zaidi ilitaka kibali. Chakula kilikuja kwa mgao: mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Unasubiri mgao, unapanga foleni, unapika, mgao unaisha, unasubiri tena. Mtu aliyeingia Lukole na mtoto wa miaka minne aliweza kutoka naye akiwa na ndevu.

Mtafiti wa Denmark, Simon Turner, aliishi na watu wa Lukole akifanya utafiti mwaka 1997 na 1998, na mwaka 2010 akatoa kitabu kuhusu kambi hii. Jambo moja aliloandika linahusu familia moja kwa moja. Wanaume walilalamika kwamba wamepoteza nafasi yao ndani ya nyumba, kwa sababu mke alikuwa akiona kwamba UNHCR ndiyo inayomlisha yeye na watoto, siyo mume. UNHCR ilikuwa mume bora zaidi. Unaweza kucheka, na wao nadhani walicheka pia, lakini chini ya kicheko kuna baba anayeamka asubuhi hana shamba la kulima, hana mahali pa kwenda, na watoto wanamtazama. Vijana waliopata kazi kwenye mashirika, au waliochaguliwa kuongoza mitaa, walishikamana na nafasi hizo kwa nguvu zote. Nadhani haukuwa mshahara peke yake. Ni kupata sababu ya kuvaa viatu asubuhi.

Binti alisimama mahali fulani palipo na mawe yaliyopangwa, huenda ni msingi wa jengo, huenda ni mipaka ya shamba tu. "Hawa nao walikuwa wanaweza kusoma siku yao ya Machi mwakani," alisema. Kisha akaongeza haraka: "Lakini usiniambie nivumilie kama wao, shangazi."

Sikumwambia. Uvumilivu wa Lukole haukuwa wa hiari, na kumtolea mtu mfano wa subira ya aliyefungiwa ni kuwakosea wote wawili. Mimi nilikuwa nawaza kuhusu redio.

Mwaka 1995, shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Redio Kwizera pale Ngara. Kwizera ni matumaini, kwa Kirundi na Kinyarwanda. Ilitangaza kwa lugha za wakimbizi na kwa Kiswahili, kwa ajili ya kambi na kwa ajili ya wenyeji, na bado iko hewani hadi leo, miaka mingi baada ya kambi kufungwa. Faida yake moja ni kwamba huku wenyeji ni Wahangaza na Washubi, na Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu sana. Tangazo lililolengwa kwa mkimbizi lilieleweka pia na jirani yake mwenye shamba.

Redio ya kazi ya namna hiyo inaishi kwa kurudia. Afya, chanjo, shule, usafi wa maji, habari za nyumbani Burundi, mazungumzo ya amani. Makubaliano ya Arusha yalipotiwa saini Agosti 28, 2000, na wakimbizi walipoanza kurudi kwa hiari kuanzia mwaka 2002, swali la kila nyumba lilikuwa moja: kuko salama? Hilo huwezi kulijibu kwa kipindi kimoja kikali. Unalijibu kidogo kidogo, kila siku, kwa sauti ile ile, mpaka mtu aamue mwenyewe kupanda lori au kubaki.

Tulimkuta bibi mmoja akianika maharage mbele ya nyumba yake. Tukamwamkia, akatukaribisha kivulini. Ni mwenyeji, hakuwa mkimbizi, na miaka ile alikuwa akiuza ndizi kambini. Nilimuuliza kama walikuwa wanasikiliza redio.

"Tulikuwa tunasikiliza sana. Ya siku ya mgao."

Binti hakuelewa. "Mgao si ulikuwa wa wakimbizi, bibi?"

"Wao wanapewa mahindi. Mahindi kila siku yanachosha, mjukuu wangu. Wanataka ndizi. Sasa mimi nisipojua siku ya mgao, ndizi zangu nazipeleka siku hawana kitu, narudi nazo zimeiva." Akacheka. "Redio ikisema Jumatano, Jumanne jioni mimi nakata."

Alieleza kuhusu mtangazaji mmoja ambaye sauti yake waliizoea mpaka, siku asiposikika, walisema leo anaumwa. Binti akamuuliza jina lake.

"Jina nimesahau. Sauti naikumbuka." Akaigiza, kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayesoma na kuhakikisha umesikia. Sijui alisema nini, lakini nilielewa ni tangazo.

Binti akatoa simu akaomba kumrekodi. Bibi akakataa. Akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka amebadilisha kitenge na kufunga kilemba. Tulimwambia ni sauti tu, haitaonekana picha. Akasema anajua, akaketi vizuri, akaanza upya hadithi ya ndizi.

Usiku ule tulilala Ngara mjini. Ngara iko juu, usiku wake una baridi ya kukufanya utafute soksi, na asubuhi ukungu unakaa mabondeni kama maziwa. Tukiwa tumejifunika mablanketi, binti ndiye aliyeanza.

"Bibi alikuwa na sababu ya kumsikiliza yule. Mimi sijui nani ananisikiliza. Kuna siku nilisoma matangazo ya jana yake, yote, kwa sababu karatasi zilibadilishana. Hakuna aliyepiga simu. Hata meneja hakujua."

Hapo nilinyamaza. Sikuwa na la kumjibu, na nadhani ndilo jambo lenyewe. Kurudia kazi kulikuwa kunamchosha, ndiyo, lakini kurudia kazi ambayo hajui inamfikia nani ndiko kulikokuwa kunamla. Mtu anaweza kusoma bei za mahindi miaka kumi akijua kuna mkulima anasubiri kalamu mkononi. Hawezi kuzisoma miezi miwili akiamini anausomea ukuta.

Kisha nikamuuliza swali ambalo kaka yangu hakuwa ameliuliza: mkataba wako unasemaje?

Hakuwa na mkataba. Mwaka mmoja na miezi minane, anafungua kituo alfajiri, na kwenye karatasi hayupo. "Najitolea, shangazi. Tulianza wanne, wawili wameondoka. Wanatupa nauli, na siku kukiwa na tangazo la biashara tunapata kidogo." Nauli hiyo, kwa taarifa yako mzazi, haitoshi bodaboda ya alfajiri kwa mwezi. Tofauti alikuwa akitumiwa na baba yake, yule yule aliyekuwa akimwambia kazi ni kazi.

Hapa nitasema wazi. Vijana wetu wengi wanaoingia kwenye habari wanaanza hivi, na tasnia imezoea, na sisi wazazi tumeizoea pia kwa sababu jina la mtoto likisikika redioni tunajisikia fahari mbele ya majirani. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamdai mwandishi asome na athibitishwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamdai mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: ni kazi gani, ya muda gani, kwa malipo gani. Kijana anaijua vizuri ile ya kwanza kwa sababu inamtisha. Ya pili hakuna aliyemsomea. Kujitolea miezi mitatu ujifunze mashine ni jambo moja. Kufungua kituo kila alfajiri karibu miaka miwili ni ajira ambayo mtu mmoja tu ndiye anayeijua kuwa ajira.

Kwa hiyo binti alikuwa na uchovu wa aina mbili, na alikuwa ameuweka kwenye barua moja. Uchovu wa kazi inayojirudia hauponi kwa kwenda Dar es Salaam. Huko nako kuna watu wanaosoma magazeti saa kumi na moja alfajiri, studio tu ndiyo yenye kiyoyozi. Uchovu wa kutumiwa bure hauponi kwa kuvumilia. Neno "vumilia" linaponya wa kwanza wakati mwingine, na la pili linalilea tu. Kaka yangu alilitoa kama dawa ya yote mawili, bila kuuliza mtoto anaumwa wapi.

Asubuhi, kwenye chai na chapati, nilimweleza habari za Marie-Louise Sibazuri. Ni mwandishi wa Burundi. Kuanzia mwaka 1997 aliandika mchezo wa redio uliotayarishwa na Studio Ijambo ya Bujumbura, studio ambayo tangu ianzishwe mwaka 1995 iliwafanya Wahutu na Watutsi watengeneze habari pamoja wakati nje wanauana. Mchezo uliitwa Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu, na ulirushwa mara mbili kwa wiki, mamia kwa mamia ya sehemu. Yaani huyu mama alikuwa na hadithi mbili za kukabidhi kila wiki, kwa miaka, nchi ikiwa vitani. Wahusika wale wale, kijiji kile kile, ugomvi wa majirani wale wale. Kama kuna mtu angeweza kulalamika kuhusu ratiba, ni yeye.

"Lakini yeye alikuwa anaandika cha kwake," binti alisema, akimega chapati.

Basi tukaanza kuzungumza kuhusu cha kwake yeye. Mabasi ya kurudi yalikuwa mawili, tukakosa la kwanza.

Wazo lilitokea mahali fulani baada ya Lusahunga, na lilikuwa lake, mimi nilikuwa nimesinzia. Alinigusa bega. Kila siku anasoma vitu vilivyopotea. Hajawahi, hata siku moja, kujua kama vimepatikana. Vipi akiwapigia? Achukue matangazo matatu ya wiki iliyopita, awatafute wenyewe, awaulize: kilipatikana? Nani alikiokota? Alisikia wapi? Dakika kumi, mara moja kwa wiki. Haihitaji gari wala bajeti, inahitaji vocha tu.

Akafungua ile barua kwenye simu. Hakuifuta. Alifungua ukurasa mpya, akaandika barua nyingine kwa meneja, na tulipofika Busisi alikuwa ameshanisomea mara tatu. Ilikuwa na mambo mawili: ombi la kipindi, na ombi la mkataba wa maandishi, lenye tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Nilimwambia aondoe neno "tafadhali" sehemu mbili kati ya tano. Akaondoa moja.

Kaka yangu nilimpigia nikiwa stendi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo anaacha au haachi?" Nikamwambia ampigie mwenyewe, na asianze na hilo. Aanze na kumuuliza leo asubuhi amesoma tangazo gani.

Sasa ni wiki ya tano. Kipindi meneja alikikubali siku ile ile, maana hakina gharama. Cha kwanza kilimhusu ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, ambaye alikuwa amepatikana siku nyingi na mwenyewe hakuona haja ya kumwambia mtu. Cha pili kilihusu cheti cha kidato cha nne kilichookotwa ndani ya daladala na kukaa wiki tatu kwenye duka la dawa kikimsubiri mwenyewe. Baada ya hicho cha pili simu ya studio iliita mara sita. Binti alinitumia ujumbe wenye tarakimu hiyo tu, 6, bila maneno.

Kuhusu mkataba, meneja amesema analifanyia kazi. Tarehe aliyopewa ni mwisho wa mwezi huu, na ile barua ya kwanza bado ipo kwenye simu.